Waliolala Kando ya Barabara Wakihesabu Malori

Kuanzia Machi hadi Julai 1942, kando ya barabara kuu ya pwani ya Libya inayotoka Tripoli kwenda Benghazi, askari wawili wawili walikuwa wakijilaza kifudifudi juu ya mchanga na kuhesabu kila chombo kilichopita. Kazi yao ilikuwa kuandika idadi ya malori na shehena yaliyobeba, vifaru vilivyoelekea mashariki kwa jeshi la Rommel, jenerali wa Wajerumani, mizinga, matangi ya mafuta na watu. Kabla ya mapambazuko walichagua mahali pa kujificha mbali kidogo na barabara, wakakaa hapo mchana kutwa bila kuinuka, na giza lilipoingia wakasogea karibu zaidi ili wayatambue magari kwa umbo na mngurumo. Hesabu hiyo ilipelekwa Cairo kwa redio, ikiwa katika maandishi ya siri.

Walikuwa wa Long Range Desert Group, kikosi cha Waingereza cha doria za jangwani kilichoanzishwa Misri katikati ya mwaka 1940 na Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza ambaye tangu miaka ya 1920 alikuwa akilizunguka jangwa la Libya kwa gari wakati wa likizo zake. Askari wake wa kwanza walitoka New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea kutengeneza mashine zao wenyewe, na kwa maoni yangu uteuzi huo ulikuwa nusu ya ushindi. Gari lilipozama mchangani walitandika mabamba ya chuma chini ya magurudumu. Mvuke wa rejeta waliunasa katika kopo ukarudi kuwa maji. Mchana walifuata dira ya jua, kwa kuwa chuma cha gari huipotosha dira ya kawaida, na usiku walipima nyota ili wajue walipo.

Kikosi hiki kilishambulia pia, kwa mfano ngome ya Waitaliano huko Murzuk, kusini-magharibi mwa Libya, mwezi Januari 1941, na mashambulizi ya namna hiyo ndiyo yanayosimuliwa zaidi. Mimi naona lindo la barabarani lilikuwa na thamani kubwa kuliko yote. Waingereza walikuwa tayari wakisoma kwa siri sehemu ya mawasiliano ya redio ya Wajerumani, lakini ujumbe wa redio husema kinachokusudiwa kufika, ilhali mtu aliyelala karibu na lami huona kilichofika. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na picha nzuri wala medali nyingi, na risasi moja tu ingeiharibu, kwa sababu adui akishajua kwamba anahesabiwa hubadilisha saa na njia.

Mapema mwaka 1943 doria ya kikosi hicho hicho iligundua upenyo katika vilima vya kusini mwa Tunisia. Mwezi Machi sehemu ya jeshi la Waingereza, wengi wao askari wa New Zealand, ilipita hapo, ikaizunguka Mareth, safu ya ngome za Wajerumani na Waitaliano, kutoka upande wa magharibi.