Mchoraji aliyejichora na kikombe cha kahawa

Jamani, leo nimeshinda katika mji wa Český Krumlov, kusini mwa Ucheki.
Mpaka sasa bado nimejaa furaha.

Mji wenyewe ni mdogo, mto Vltava unajipinda na kuuzunguka karibu pande zote. Kasri liko juu ya mwamba. Lilianza kujengwa karne ya 13, ukoo wa Rosenberg ukalimiliki toka 1302 hadi 1602, baadaye wakaja Eggenberg, kisha Schwarzenberg. Chini ya daraja, handakini, wanafugwa dubu!

Lakini kilichonishika ni Ukumbi wa Barakoa, ndani ya kasri.

Mwaka 1748 Josef Lederer alizichora kuta zake: wageni wa sherehe, wenye barakoa na mavazi ya kila rangi, wengine wanachungulia kutoka kwenye roshani za kuchorwa. Wana kimo cha binadamu. Katikati yao kuna vioo, basi ukigeuka unajiona na wewe umo sherehani.

Na Lederer mwenyewe yumo, anakunywa kahawa yake.

Nilisimama mbele yake hadi kundi letu likanitangulia. Mabwana wa kasri wana nembo zao kila mahali; fundi naye alijipa nafasi yake ukutani, na hadi leo wageni wanaonyeshwa. Nimempenda mno.

UNESCO imeuweka mji huu kwenye urithi wa dunia tangu 1992. Mkifika, msiishie kupiga picha za mnara wa kasri. Ingieni ndani.

Nani ameshafika huko?
Na ni jengo gani la kale lililowahi kuwagusa hivi? Niambieni.