Duara la Marumaru Mkunazini
Jumapili iliyopita, siku nne baada ya mwenye nyumba kunitaka nihame kwa sababu ya sala zetu za jioni (nakiri, ngoma tulizidisha), niliketi katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Mbele ya altare lipo duara la marumaru nyeupe, panaposemekana ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Nililitazama kwa muda mrefu, nikaona haya kuuita msukosuko wangu mateso. Mtume Petro anamtenganisha anayeteswa kwa Ukristo wake na anayeumia kwa kosa lake mwenyewe; mimi, kwa zile ngoma, nilikuwa na mguu huku na mguu kule. Jioni nilikwenda kumwomba radhi mzee yule, akanikaribisha kahawa, ila chumba hakunirudishia.