Pakiti za bahati kwenye gemu ya mwanangu

Mwanangu wa miaka tisa anapenda gemu ya mpira kwenye simu yangu. Juzi nilikaa kando yake nikatazama: pakiti, yaani kifurushi cha kununua ndani ya gemu bila kujua kina mchezaji gani, inang'aa, inatetemeka, inapasuka, anatoka mchezaji asiyemtaka. "Mama, ninunulie nyingine, safari hii atatoka!"

Kwangu hiyo ni kamari kabisa. Ubelgiji ilipiga marufuku pakiti hizi za kulipia mwaka 2018. Nilimuuliza, "Ukikosa, nani anafaidi?" Akafikiri. "Mwenye gemu."

Play Store nimeiweka idai nywila kila ununuzi, na namba yangu ya siri ya M-Pesa mtoto haijui. Wazazi wenzangu, kagueni mipangilio hiyo leo, kabla hamjampa mtoto simu. Halafu kaeni naye akicheza, hata dakika kumi tu.