Nilivyofunga paa na mapazia ya kokpiti kwenye mashua ya matanga

Mashua niliyoifanyia kazi hii ni ya faibaglasi, futi 34, na hulala kwenye nanga ndani ya hori ya Kilifi. Kokpiti yake, yaani pale tezini, nyuma ya mashua, anapokaa mshika usukani, ilikuwa wazi kabisa: jua la kaskazi utosini, mvua ya masika ubavuni, na wakati wa kusi maji ya chumvi usoni. Nilitaka paa, kinga ya mbele yenye madirisha, na mapazia ya pembeni yanayovuliwa kwa zipu. Mtu yeyote mwenye cherehani nzito anaweza kushona mshono ulionyooka. Kinachoharibu kazi ya namna hii ni fremu inayocheza na kiolezo kilichopimwa ovyo.

Fremu ni matao matatu ya bomba la stenlesi ya daraja la 316, kipenyo milimita 25. Kabla ya kukata bomba nilikaza demani, yaani kamba ya kuvutia tanga kuu, mpaka bumu (boriti inayoshika ukingo wa chini wa tanga hilo) ikashuka kadiri inavyoweza, nikaacha sentimita 10 kati yake na paa. Ukipima bumu ikiwa imening'inizwa bandarini, siku ya kwanza ya kwenda joshi, yaani kukabili upepo, itachana kitambaa. Matao yasiachane zaidi ya sentimita 90 hivi, na lile la kati liwe juu kidogo kuliko mengine, la sivyo maji ya mvua yatatuama na kulivuta paa lilegee. Vikalio vya fremu nilivifunga kwa bolti za milimita 6 zenye bamba upande wa chini wa sitaha. Skrubu peke yake hung'oka, kwa sababu watu hushikilia fremu hiyo wanapopanda mashua, hata ukiwakataza.

Paa hushonwa na kukazwa kwanza, ndipo unapopima mapazia. Ukipima vyote kwa pamoja, paa likishakazwa litavuta matao sentimita moja au mbili, na kila pazia litakuwa na mkunjo wa mshazari usiotoka. Kiolezo nilikitengeneza kwa plastiki ngumu yenye nyuzi ndani, isiyonyumbuka. Shuka kuukuu halifai. Nilitandaza plastiki, nikaishika kwa mkanda wa gundi, nikachora juu yake ukingo wa paa, mstari wa kila zipu, mahali pa kila kifungo, na kila kitu kinachotokeza: winchi, nguzo za reli, waya wa nyuma wa mlingoti. Andika pia upi ni upande wa nje, kushoto au kulia, na mbele ni wapi. Kila sentimita 15 nilichora mstari mfupi unaovuka zipu pande zote mbili, ili wakati wa kushona alama zikutane. Bila alama hizo kitambaa cha chini husukumwa na meno ya cherehani kuliko cha juu, na mwisho wa mita mbili pazia linakuwa limepinda.

Kitambaa ni akriliki ya kazi ya baharini, upana sentimita 152. Nilitumia mita 14. Zipu ni namba 10 ya meno ya plastiki, na kichwa chake pia cha plastiki, maana cha chuma huliwa na chumvi kikaganda. Kila zipu ina ulimi wa kitambaa wa sentimita 5 juu yake wa kukinga mvua. Uzi wa poliesta wa kawaida huoza kwa jua la kwetu kabla kitambaa hakijachoka, kwa hiyo mishono ya paa nilishona kwa uzi wa PTFE, plastiki ileile ya sufuria zisizoshika chakula. Bei yake inauma, lakini hauozwi na jua. Unateleza sana, basi jaribu mkazo wa cherehani kwenye kipande cha pembeni kwanza.

Madirisha ndiyo yanayotaka subira. Plastiki angavu niliyotumia ina unene wa milimita 1. Nyembamba zaidi hupigapiga kwenye upepo na kufifia mapema. Mshono wake uwe mrefu, milimita 5 hadi 6, kwa kuwa matundu yaliyokaribiana hugeuka mstari wa kuchania kama stempu. Plastiki hii hunata chini ya mguu wa cherehani. Nilipaka maji ya sabuni kidogo. Pini usitumie kamwe, tundu lake halizibi. Tumia mkanda wa gundi wa pande mbili. Tena plastiki hii hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi: ukiweka vifungo saa saba mchana ikiwa imevutwa kabisa, alfajiri yenye mvua vifungo havifikiani. Mimi huviweka asubuhi, kivulini. Na popote inapogusa bomba lililopashwa na jua huungua na kubaki na doa la kahawia, kwa hiyo matao yanayopita nyuma ya madirisha niliyavika mfuko wa kitambaa cheupe.

Vifungo vya kubonyeza viko kila sentimita 15 hadi 20. Kwenye faibaglasi panua kwanza mdomo wa tundu kwa biti kubwa zaidi, kwa mkono, ndipo uingize skrubu; ukiruka hatua hiyo, rangi ngumu ya juu hupasuka kama miale kuzunguka tundu. Tia gundi ya baharini kila tundu, hata lile linaloonekana dogo.

Mapazia yote yakiwa yamefungwa isipokuwa la nyuma, mashua ikienda kwa injini, moshi wa ekzosi hunyonywa kurudi ndani ya kokpiti, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Fungua dirisha la mbele upepo upite. Kusi ikipamba moto vua mapazia yote, kwa sababu huongeza eneo la kushika upepo na mashua hutangatanga kwenye nanga. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakauke, yaviringishe na kitambaa laini katikati, wala usiyakunje. Dawa ya mbu yenye DEET isiguse madirisha: huyatia ukungu usiofutika.