Kulungu kwenye theluji

Jamani, baridi ya Minnesota, huku Marekani, si ya mchezo! Jirani yangu, mzee mstaafu, kanichukua msimu huu wa bunduki wa Novemba tukawinde kulungu wa mkia mweupe. Tumekaa juu ya mti tangu giza, maana sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Pumzi inaganda kwenye skafu. Na lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka, au waridi, iliyoruhusiwa tangu 2017 (waridi nimewaachia wenyewe).

Utamu wa theluji ni nyayo. Mzee anagusa ukingo wa alama ya kwato: ukiwa laini, kapita sasa hivi, ukiwa mgumu, ni za zamani. Alipompiga dume hakumkimbilia. Tukasubiri kwanza, ndipo tukafuata damu. Ilikuwa nyekundu yenye mapovu. “Pafu hilo,” akasema. Kweli, hakuwa mbali. Wakati wa kumtoa matumbo ndipo vidole vyangu vikapata joto!

Nimegawiwa paja. Nyama ina mafuta kidogo sana, nimeitia tui zito la nazi. Karibuni.