Ruzuku Inayofuata Ekari

Kila ninaposoma kuhusu malipo ya ruzuku ya kilimo katika kaunti za mashambani za Marekani, kinachonigusa zaidi ni jinsi fedha hizo zinavyofuata ukubwa wa ardhi kuliko uhitaji wa mkulima. Mfumo huo ulianza mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipowalipa wakulima wapunguze mazao ili bei zipande. Katika mashamba ya pamba ya kusini, wenye ardhi wengi walizipokea fedha hizo huku wapangaji wao, weusi kwa weupe, wakibaki bila mgao na wengine wakifukuzwa shambani. Dosari hiyo ya mwanzo naiona hadi leo.

Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2014 ilifuta malipo ya moja kwa moja, ambayo yalitolewa hata bei zilipokuwa nzuri, na nadhani ilifanya vyema. Mojawapo ya mipango iliyochukua nafasi yake hulipa pale bei ya mahindi, ngano au soya inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa kisheria. Hata hivyo, hesabu hufanywa kwa ekari za msingi, yaani zile zilizosajiliwa kutokana na kilimo cha miaka ya nyuma, hata kama sasa zimepandwa zao jingine. Mkulima mdogo wa mboga asiye na ekari hizo hapati chochote katika mpango huo, ilhali naye hukabiliwa na ukame na bei mbaya vilevile.