Goti la Bibi

Juzi umeme ulikatika tena, na kitinda mimba akaja sebuleni akipapasa ukuta, sweta la shule mkononi. "Baba, mbona limekuwa jeusi?" Jekundu lile, tena la kuumiza macho. Nikamjibu harakaharaka. Usingizi ndio ukanigomea.

Nilikuwa darasa la sita. Tunatoka msibani na Bibi, kulekule Rungwe, mwezi hakuna. Nikataka kuwasha tochi, akanishika mkono. "Acha, mume wangu. Macho yatazoea." Tukasimama. Mwanzo sikuona hata vidole vyangu. Tukaendelea kusimama, Bibi akisimulia habari za marehemu, mimi nikitetemeka kwa baridi. Kisha migomba ikaanza kujitenga na giza, mmoja mmoja, na njia ikajichora, ya kijivu kama majivu ya jana. "Usiikodolee. Itazame kwa pembeni." Nikatazama pembeni, njia ikaja. Nikaikodolea, ikapotea. Nikaufanya mchezo: inakuja, inapotea. Maua ya kitenge cha Bibi, mekundu mchana kutwa, yalikuwa madoa meusi yanayotembea mbele yangu.

Kitu kikachakura migombani. Nikawasha. Bibi alikuwa amegeuka kunitazama, mwanga ukampiga usoni. Nikazima palepale, kwa aibu. Hatua tatu tu, akaingia mtaroni.

Nyumbani alisema ni utelezi. Goti lile hakulikunja vizuri tena.

Kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia akachora jicho ubaoni. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli koni kama milioni 6, za mwangani na za rangi. Seli fimbo ni kama milioni 120, za gizani. Katikati kabisa, pale tunapokodolea, fimbo hazipo. Nikatabasamu peke yangu: Bibi hakuwahi kukanyaga darasa la baiolojia. Mwalimu akaendelea. Ndani ya fimbo kuna rodopsini, kemikali inayonasa mwanga hafifu, inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga mkali huivunja mara moja, lakini kurudi kwake kikamilifu huchukua kama nusu saa. "Kwa wazee," akasema, "huchelewa zaidi."

Hapo kalamu ikasimama. Daftari lile lina nusu ukurasa mtupu.

Mwanangu nilimweleza yote: koni hulala gizani, na fimbo zinazobaki kazini karibu hazijui kabisa wekundu, ndiyo maana sweta likageuka. Akanitazama. "Baba, umejuaje?"

Nikamwambia, shuleni.